Maelezo Rasmi ya Mwanamke Aliyecheka Msibani

Inatangazwa kwa wananchi wote, wanaopenda na wasiopenda, kwamba zoezi la kuwafutia watu majina limekamilika kwa mafanikio makubwa. Kuanzia sasa kila mtu anajulikana kwa tendo lake. Asiye na tendo atatafutiwa.

Mimi ndiye Msajili Mwandamizi wa Idara ya Utambulisho kwa Matendo, dirisha la kwanza mkono wa kushoto ukimaliza kupanda ngazi, lile lenye feni. Feni haizunguki, lakini ipo, na madirisha mengine hayana. Nasema hivyo ili mjue mnaongea na nani.

Wapo wanaouliza mpaka leo kwa nini tulifuta majina. Maswali mengine yanachosha, basi tu. Majina yalikuwa yanaleta vurugu. Unaita jina moja hospitalini, linasimama benchi zima, na yule aliyekuja kung'olewa jino anatoka na bandeji ya goti. Bwana Mkurugenzi wetu, mtu mwenye kichwa cha ajabu, akalitafakari jambo hilo akiwa safarini na akarudi na jibu. Alisema jina ni kitu alichopewa mtu akiwa hana habari, kichanga, ananyonya. Tendo ni lake mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Kwa hiyo utaratibu ukawa hivi: kila raia anapewa maelezo ya tendo moja alilolifanya, lililokwisha, lililoonwa na mashahidi watatu. Maelezo yanachapwa kwenye kadi na kadi inavaliwa shingoni. Ukienda benki, unasomwa. Ukioa, unasomwa wewe na anasomwa bibi harusi, na hapo ndoa kadhaa zimekwama, lakini tumeipunguzia mahakama kazi.

Faida zinaonekana kwa macho. Mtaani kwetu kuna kinyozi aliyenyoa upande mmoja akaenda kula. Kuna daktari aliyezimia alipoona damu. Bado anatibu, ila wagonjwa wenye vidonda wanaingia wamevifunika na gazeti wasije wakamshtua. Kuna mwalimu aliyelala katikati ya mtihani, darasa zima likafaulu, na huyo sasa ni mkuu wa shule. Mke wangu mwenyewe ni mwanamke aliyempiga mwizi kwa mwiko. Mwizi aliyepigwa kwa mwiko ni kaka yake, yaani shemeji yangu, alikuwa amekuja kutusalimia na hakubisha hodi. Sasa kila tukikaa mezani wanasomana, na mimi napenda kuona sheria ikifanya kazi mpaka nyumbani.

Wanaolalamika hawakosi. Wanasema kadi nyingi zina aibu. Mimi huwa nawajibu kwa upole mara ya kwanza. Shida haitoki kwetu, inatoka kwa mashahidi. Mtu akimpelekea jirani mgonjwa chakula, anakipeleka kimyakimya, amekifunika na sahani, anapita uani. Mtu huyohuyo akiteleza akatumbukia mtaroni, mtaa mzima umeshafika kabla hajalowa vizuri. Sasa mimi nifanyeje? Siwezi kuandika sahani ambayo hakuna aliyeiona. Kwa utaratibu huohuo, wezi wanaojua kazi yao wana kadi safi kabisa, na takwimu zetu zinaonyesha uhalifu umeshuka.

Mtu mmoja tu alikuwa bado hajapata maelezo, naye ni Bwana Mkurugenzi. Kadi yake iliandikwa "Maelezo Yanaandaliwa". Sisemi hakuwa na matendo, Mungu apishe mbali. Tulijaribu "Mkurugenzi aliyejenga ofisi hii", akajitokeza fundi mwashi mmoja mbishi, na mikono yake bado ilikuwa na saruji. Tukajaribu "Mkurugenzi aliyeleta maji". Mashahidi walikubali kuja, ila walikuja na ndoo. Tukaona tusiharakishe. Tena alikuwa ametunga mwenyewe kanuni moja kali kwa ajili ya wakwepaji, wale wanaojificha ili wasiandikishwe. Kanuni inasema: mtu asiye na maelezo, akitajwa ndani ya maelezo halali ya mtu mwingine, basi lile alilotajwa nalo linakuwa lake papo hapo na halitenguki. Tumewanasa wengi kwa kanuni hiyo, na Bwana Mkurugenzi akisikia tumemnasa mmoja anacheka mpaka anashika meza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Asubuhi moja nimekaa dirishani pangu, nimeshaweka kibao cha "Subiri", akaja mwanamke mmoja. Kitana kimechomekwa nyweleni, vidole vinang'aa mafuta ya kichwa. Nikajua ni msusi kabla hajafungua mdomo. Macho yalikuwa mekundu, lakini kwenye dirisha langu macho mekundu ni ya kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maelezo?"

Aliigeuza kadi yake, maana alikuwa ameivaa imeangalia kifuani, kosa ambalo nililisamehe. Nikasoma kwa sauti, kama inavyotakiwa: "Mwanamke aliyecheka msibani."

Foleni nzima ikamwangalia. Mzee mmoja akasogeza kiti chake.

"Tatizo lako nini, dada?"

"Mama mdogo amefariki juzi," akasema. "Ndiye aliyenilea mimi. Mama simjui hata sura. Tunazika kesho alasiri. Nimefika nyumbani kwetu, nyumba niliyokulia, nikamkuta mlangoni ofisa wenu wa misiba na kiti chake cha plastiki. Amesoma kadi, akaniambia mimi nisogee kule ng'ambo ya barabara, kwenye duka la matairi. Ndugu zangu wako ndani wanalia, mimi niko kwenye matairi."

"Ofisa yuko sahihi kabisa."

"Najua yuko sahihi. Ndiyo maana nimekuja kwa waliomfanya awe sahihi."

Nikamweleza kwa kituo, maana ukali hausaidii mtu aliyefiwa. Bwana Mkurugenzi alikuwa ametoa Waraka wa Utulivu Misibani. Waraka unasema mtu yeyote ambaye kadi yake inaonyesha alicheka, alipiga chafya kwa makusudi au alifanya jambo lolote lisilostahili msibani bila sababu ya msingi, akae umbali ambao hatasikika. Aliutoa ghafla, mwaka jana, siku moja tu baada ya kurudi kutoa rambirambi mahali fulani. Alikuwa hana raha hata kidogo siku hiyo, hakunywa hata chai. Mimi nikajua ni roho yake tu, mtu mkubwa anayewaonea wafiwa uchungu kiasi hicho.

"Basi futa," akasema msusi.

"Tendo halifutwi, dada. Limeshatendeka."

"Basi badilisha."

"Kubadilisha kupo, ila uniletee tendo jipya lenye uzito kuzidi la zamani. Kuna mama mmoja alimtoa mtoto kwenye nyumba inayoungua. Huyo tulimbadilishia siku hiyohiyo."

"Na mimi leo hii moto nitautoa wapi?"

"Moto wa kujiwashia haukubaliki," nikamwambia. "Tumeshajaribiwa."

Akachomoa kitana nyweleni, akawa anakipitisha vidoleni. Kisha akasema polepole, "Nimemsuka mama mdogo mpaka wiki aliyokufa. Alikuwa hawezi tena kukaa. Nikawa nakilaza kichwa chake mapajani, nasuka upande mmoja, namgeuza taratibu, nasuka wa pili. Alisema hataki kwenda kwa Mungu na nywele zimetimka. Hilo si tendo?"

"Ni tendo. Nani aliona?"

"Yeye."

"Yeye hawezi kufika kutoa ushahidi. Nani mwingine?"

"Mlango ulikuwa umefungwa. Mtu anaumwa, amelala na nguo ya ndani, unataka niite watu waje kuangalia?"

"Wenzako wanaita," nikamwambia, na ni kweli wanaita. Wapo wanaowapeleka wazazi hospitali na mpiga picha.

Hapo akalia. Hakupiga kelele, machozi yalishuka tu na yeye akawa anayafuta kwa kiganja chenye mafuta. Nilimwonea huruma. Nasema wazi, nilijifanya natafuta mhuri. Nilitaka kumsaidia, ila kwa njia halali, maana njia nyingine ina watu wengi na mimi sipendi msongamano.

"Mzee," akasema, "hii kadi inasema nilicheka. Haisemi nilicheka nini."

"Haitakiwi kusema."

"Kwa hiyo mtu akisoma anaona nilicheka tu, kichaa, nimekaa mbele ya jeneza nacheka."

"Waraka unadhani hivyo, ndiyo. Kama sababu haikuandikwa, haipo." Kisha nikakumbuka kitu, na hapa ndipo ningeomba mnisifu. "Lakini dada, ipo Nyongeza ya Mazingira. Mtu ana haki ya kuongeza kwenye maelezo yake lile lililosababisha tendo. Hailipiwi. Inataka mashahidi watatu waliokuwepo, mmoja wao awe mtumishi wa umma."

"Mbona hamtangazi?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza. Watu wote wanataka kadi zao zipungue maneno. Wewe ndiye wa kwanza kutaka yaongezeke."

Alirudisha kitana nyweleni, akashuka ngazi mbilimbili. Mimi nikageuza kibao na kuendelea na mtu aliyedai si yeye aliyemeza ufunguo wa ghala. Nilikuwa na furaha rohoni. Unajua kuna siku unafanya kazi ya serikali na unaona kabisa serikali imefanya kazi.

Alirudi tunakaribia kufunga, na watu watatu nyuma yake. Wa kwanza fundi wa majeneza, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Wa pili mwanaume mnene mwenye duka la sabuni, mtoto wa marehemu yule wa msiba uliochekwa. Wa tatu alisimama nyuma yao, kofia imemshukia usoni, sikumtilia maanani.

"Haya," nikasema, "anzeni. Kwa kifupi na bila chumvi."

Fundi akaanza. "Marehemu alikuwa bibi aliyeuza sabuni za vipande sokoni. Mimi ndiye niliyemtengenezea sanduku. Tumekaa tunasubiri muda, likaja gari jeusi. Akashuka mtu mkubwa, suti, kiatu kinameta. Ameshika kitambaa usoni tangu anafungua mlango wa gari, analia."

"Machozi ya kweli?"

"Kitambaa kilikuwa cha kweli, mzee. Mengine siwezi kuapa."

Nikaandika "akilia". Mwenye duka la sabuni akapokea.

"Tukampa kipaza sauti. Tulidhani labda mama alikuwa na mtu serikalini na hakutuambia. Akasema, leo tumempoteza mwanaume wa shoka. Tukaangaliana. Tukasema labda ni lugha ya wakubwa. Akasema, nani kati yetu atazisahau ndevu zake? Akasema ndevu zile zimetoa ushauri kwa taifa hili kwa miaka mingi. Shangazi yangu akajiziba mdomo na mtandio. Mimi nikainama nikawa naangalia vidole vya miguu yangu, maana niliona nikiinua uso tu nimekwisha."

"Na huyu dada?"

"Alikuwa amekaa karibu na baba. Baba amejifunika shuka mwili mzima mpaka kichwani, mzee wa watu, uchungu ulikuwa umemzidi. Sasa yule mkubwa akasema anataka kumpa pole mjane. Akaja na kitambaa chake usoni, akapapasa, akamshika baba mkono. Akamwambia, jikaze, mama, bado u kijana, utaolewa tena."

Nyuma ya dirisha langu mtu wa dirisha la pili akatoa mlio fulani puani. Nikamkazia macho.

"Hapo ndipo dada alipocheka," akamaliza mwenye duka. "Na niseme ukweli mbele ya serikali: tulitaka kucheka wote, yeye ndiye aliyeshindwa kujizuia. Watatu waliokwenda kumwandikisha walikuwa wamekaa nyuma, wamesikia kicheko, hotuba hawakuisikia. Baba alituambia baadaye kicheko kile ndicho kilichomwezesha kuvuta pumzi. Alikuwa hajavuta vizuri tangu asubuhi."

Nilipendezwa na ushahidi ule. Ulikuwa safi, una mwanzo na una mwisho. Nikauliza swali la mwisho kwa sauti ya kazi: "Na huyo mtu mkubwa ni nani? Nyongeza haikubali kuandika 'mtu mkubwa'. Wapo wengi."

Wale wawili wakageuka kumwangalia mwenzao. Naye akavua kofia, akaisogeza kadi yake niione. "Dereva aliyepotea kwenye barabara iliyonyooka."

Jamani. Mimi dereva huyo namjua. Amewahi kunipa lifti. Naye anaendesha gari moja tu.

"Mimi ndiye niliyempeleka," akasema dereva, na hakuwa na haraka yoyote. "Tulikuwa tunaenda kwenye msiba wa yule mkuu mstaafu mwenye ndevu, barabara ya juu. Nikamwambia, bosi, hapa si penyewe, kwa mstaafu ni mbele. Akasema, umati ni mkubwa, simama hapahapa. Nikasimama. Kesho yake nikaandikishwa kwamba nilipotea. Sasa nimeulizwa mbele ya mashahidi, nami ni mtumishi wa umma, najibu."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Nikafikiria kusema muda umekwisha. Nikafikiria kuzimia, lakini hilo lilikuwa limeshachukuliwa na daktari. Msusi alikuwa ananiangalia, na foleni yote ilikuwa inaniangalia, na ndipo nilipokumbuka kifungu kingine cha Bwana Mkurugenzi: msajili akikataa kupokea ushahidi uliotimia, kukataa kwake ni tendo. Mashahidi nilikuwa nao, tena wengi kuliko watatu. Nikaona sura yangu na kadi shingoni, "Msajili aliyekataa", nikipita sokoni, na shemeji yangu ananisoma wakati wa chakula.

Nikaandika, nikapiga mhuri. Dada wa mashine, ambaye huchapa bila kusoma kwa sababu za kiafya, akatoa kadi mpya ikiwa bado ya moto:

"Mwanamke aliyecheka msibani baada ya Mkurugenzi wa Utambulisho kuingia msiba asioujua, akamlilia bibi, akamsifia ndevu, na kumwahidi mume wa marehemu kwamba ataolewa tena."

Ilibidi iendelee upande wa pili. Msusi aliisoma yote, akaishika mikono miwili. "Asante, baba," akasema. Mimi nikasema asante ni kwa utaratibu, siyo kwangu, na nilikuwa namaanisha hivyo kwa moyo wangu wote.

Mashine haikunyamaza. Ilitulia kidogo, ikakohoa, ikatoa kadi nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Kanuni ya wakwepaji ilikuwa imefanya kazi yake.

Asubuhi nikaitwa juu, kwenye ofisi yenye zulia. Kadi ilikuwa mezani. Bwana Mkurugenzi alikuwa amesimama mbali nayo.

"Hii nini?"

"Hongera, bosi. Maelezo yako yamepatikana." Sikuwa na namna nyingine ya kuanza.

"Futa."

"Tendo halifutwi, bosi. Limeshatendeka."

"Msajili, mimi nakwambia futa."

"Naweza kubadilisha, bosi, ukiniletea tendo jipya lenye uzito kuzidi hili."

Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Nitamwokoa mtoto kwenye moto. Tafuta mtoto. Tafuta nyumba isiyo na kazi."

"Moto wa kujiwashia haukubaliki, bosi. Ulipiga marufuku mwenyewe."

"Nani alinishauri nipige marufuku?"

"Wewe mwenyewe, bosi. Ulisema watu wa nchi hii ni wajanja."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona anafikiri kwa kutumia uso. Akasema kesho kutwa ana mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa utambulisho, na kwamba kila mzungumzaji husomwa kwanza kabla ya kupanda jukwaani, na kwamba kumbi zile zina vipaza sauti vizuri sana. Nilimwambia najua, mwaliko nilipanga mimi.

"Na yule mwanamke? Yeye akiondoa nyongeza yake, kadi yangu inabaki?"

Nikapekua kanuni. "Halitenguki, bosi, ila kwa mwanya mmoja: mwenye nyongeza akiiondoa kwa hiari yake, yote yaliyomo yanaondoka nayo. Lakini iwe kwa hiari, bosi. Ulipigia mstari."

"Yuko wapi?"

"Msibani. Wanazika alasiri."

Tulikwenda na gari jeusi, mimi nimekaa mbele. Dereva akawasha injini, akaangalia kioo cha juu, akauliza kwa adabu kabisa, "Bosi, leo tunaenda msiba upi?" Ilibidi nimwelekeze mimi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa, watu wamejaa mpaka barabarani. Ofisa wa misiba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki, kijana mpana, mtiifu, tulimwajiri baada ya kufukuzwa kwenye kumbi za starehe kwa kuwa mkali mno. Bwana Mkurugenzi alimpita. Yaani alijaribu kumpita.

"Maelezo, mzee?"

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Hicho ni cheo. Umefanya nini?"

Bwana Mkurugenzi akaniangalia. Mimi nikaangalia chokaa. Ofisa akanyoosha mkono, akaichukua ile kadi kutoka mfuko wa juu wa koti alikokuwa ameichomeka, na akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama tulivyomfundisha: "Mkurugenzi aliyeingia msiba asioujua, akamlilia bibi, akamsifia ndevu, na kumwahidi mume wa marehemu kwamba ataolewa tena."

Mabega ya waombolezaji yakaanza kutikisika, hapa na pale, vichwa vimeinamishwa, mitandio imebanwa kwenye midomo. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa na kadi zao za kufikiria.

"Na sababu ya msingi haipo," akasema ofisa akigeuza kadi upande wa pili. "Samahani, mzee. Kwa mujibu wa Waraka, ng'ambo ya barabara."

"Waraka huo nimeuandika mimi."

"Umeandikwa vizuri, mzee. Unaeleweka."

Akavuka barabara. Sikutegemea, lakini alivuka, akasimama na suti yake mbele ya duka la matairi, na mwenye duka akamuuliza anataka saizi gani. Niliona aibu kwa niaba yake. Mimi nilimpenda yule mtu, lazima niseme, na bado sikuvuka kwenda kusimama naye.

Msusi akatoka. Sijui nani alikuwa amemwambia. Alikuwa amejifunga kichwa, macho yamevimba, na kadi yake ndefu imelala kifuani, upande wa maandishi ukiwa nje. Akavuka. Ofisa akainuka kitini na kumfuata hatua chache nyuma, nami nikafuata, maana popote penye utaratibu natakiwa kuwepo.

Bwana Mkurugenzi akajiweka sawa, akavuta sauti ile ya majukwaani. "Dada yangu, kwa masikitiko makubwa, idara yangu na mimi binafsi tumepokea taarifa za msiba huu mzito. Marehemu alikuwa..." Akasimama. Akanitazama. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nilikuwa sikumuuliza mtu yeyote marehemu alikuwa nani, na yeye pia hakuwa ameuliza.

"Alikuwa mama mdogo," akasema msusi. "Sema pole tu. Inatosha."

Bwana Mkurugenzi alimeza mate. "Pole," akasema. Lilitoka dogo, halina cheo.

"Asante."

"Na ile nyongeza, dada? Ukiiondoa, mimi naweza..."

"Ile ni yangu. Imeniingiza nyumbani kwetu." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu, mtu aliyekesha akilia. Aliangalia nyumba, akaangalia suti ile katikati ya matairi, na nikaona kitu kinamcheza pembeni mwa mdomo, akakibana, kikatulia.

Kisha akamgeukia ofisa wa misiba.

"Kaka, huyu mwache aingie, akae na watu. Amekuja msibani, hatuwezi kumwacha kwenye jua," akasema. "Ila kipaza sauti asipewe."